Logo inatoka ngazi ngazi kwenye bango, tatizo mashine au mimi?

Swali: Shikamoo kaka. Nimechora logo ya duka la mteja wa Mbagala kwa brashi ya Photoshop, pikseli 800 kwa 800, kwenye simu iko safi kabisa. Kuprinti bango la mita 3 Kariakoo, mistari imetoka ngazi ngazi kama imetafunwa na panya. Fundi anataka vekta, nimesevu PDF bado kaikataa. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Fundi hajakuonea. Brashi inaweka pikseli, vimraba vya rangi, ndo tunaita rasta (sio zile za saluni). Sasa piga hesabu, mita 3 ni milimita 3,000, gawa kwa 800, kila kimraba kinakuwa na upana wa karibu milimita 4, yani punje ya choroko! Hapo herufi S itapindaje bila ngazi?

Vekta haitunzi vimraba, inatunza maelekezo: anzia nukta hii, pinda hivi, ishia pale, unene kiasi hiki. Ukiikuza inachorwa upya, iwe kadi ya biashara au ubavu wa daladala. Mikunjo yake inaitwa Bézier, jina la injinia Mfaransa wa Renault aliyeitumia kuchora bodi za magari miaka ya 1960.

Na hiyo PDF ni mfuko tu, dagaa ukiwafunga kwenye karatasi ya sambusa bado ni dagaa. Ifungue uizumu mpaka asilimia 1600, ukiona vimraba, ni rasta.

Dawa ni kuchora upya. Chukua programu ya vekta kama Illustrator, CorelDRAW au Inkscape ambayo ni ya bure, weka logo ya zamani chini uilock isisogee, halafu pita juu yake kwa ile kalamu ya nukta. Nukta ziwe chache jamani, duara zima linatosha nukta 4, nawaona vijana wanatia 30 kwenye mkunjo mmoja afu wanashangaa mstari unatetemeka kama mlevi. Kutrace kwa kubonyeza kitufe kimoja, yani programu ikuchoree yenyewe, mi siipendi kwa logo ndogo hivyo, inafuata na ngazi zenyewe, utakesha unarekebisha.

Ukimaliza geuza maandishi yawe mistari, maana fundi anaweza asiwe na fonti yako, duka likabadilika mwandiko. Faili mpelekee kwa flashi, au WhatsApp kama dokumenti, usitume kama picha.