Noah ya kulala: grili usichomelee

SWALI: Shikamoo mama fundi. Mimi ni mwalimu, nakaa Dar es Salaam. Nina Toyota Noah ya zamani, otomatiki. Nimeng'oa viti vya nyuma nikaweka kitanda cha mbao na godoro. Likizo ya Juni nataka kusafiri peke yangu: Bagamoyo, Saadani, Pangani, Tanga, nimalizie Lushoto, siku 12, nikilala humo humo garini. Nimeangalia sana video za akina mama wa Marekani wanaozunguka na magari ya kulala, na mchana sina wasiwasi. Hofu yangu ni usiku. Fundi wa kuchomelea amenishauri tuweke grili madirisha yote na komeo la chuma mlango wa kuteleza, kwa ndani. Anataka nusu ya pesa kwanza. Nimpe? Na usiku nilale wapi?

JIBU: Marahaba mwalimu. Usimpe.

Grili ya nyumba inafaa nyumbani kwa sababu nyumba haiondoki. Gari linaondoka, na hiyo ndiyo kinga yako kubwa kuliko chuma chochote. Ukilifunga kama sefu, siku moto unawaka humo ndani utakuwa umejifungia mwenyewe. Mlango wa nyuma wa Noah hauna kitasa cha ndani. Ule wa kuteleza ukiwa na komeo la kuchomelea, gari likilala upande mmoja baada ya ajali, huenda usifunguke. Huko nyuma unabaki na madirisha, nayo ndiyo hayo fundi wako anataka kuyapiga nondo.

Kwa hiyo swali lako nitaligeuza kidogo. Usiulize mtu ataingiaje. Uliza hivi: nikishtuka usingizini saa nane usiku, itanichukua muda gani gari hili liwe barabarani, bila mimi kukanyaga chini?

Hapo una bahati kuliko hata baadhi ya hao wa kwenye video. Anayelala kwenye karavani ya kuvutwa lazima atoke nje ndipo aufikie usukani. Wewe unatambaa tu kutoka kitandani mpaka kiti cha dereva. Noah ya zamani injini yake iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo pale katikati pana kama kilima, unapita ukiinama. Sasa usiende ukapaweka ndoo, begi na dumu la maji. Njia hiyo iwe tupu kila usiku. Ufunguo uuvae shingoni kwa kamba. Pazia la kioo cha mbele liwe la ndani, la kuvuta mara moja likadondoka, lisiwe lile la kufunika kwa nje ambalo lazima ushuke kulitoa. Viti, meza, jiko, kamba ya nguo, vyote virudi ndani kabla hujalala. Gari uliegeshe kwa kurudi nyuma, pua ielekee njia.

Halafu fanya jaribio nyumbani, uani kwako, taa zimezimwa. Lala, jifunike, mwambie mdogo wako agonge bodi. Hesabu. Ikizidi sekunde 20 mpaka injini iwake, panga upya vitu vyako.

Kitu kingine wengi hukisahau: ile lachi ya kuzuia watoto kwenye mlango wa kuteleza. Iko ubavuni mwa mlango, unaiona ukiufungua. Ikiwa imewekwa, mlango haufunguki kwa ndani hata ukivuta mpaka kesho. Itoe.

Sasa betri, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo mimi mwenyewe nilipoumbuka.

Kabla ya kufungua gereji yangu hapa Ngamiani, Tanga mjini, niliendesha magari ya wageni. Safari moja nililala peke yangu kwenye gari ufukweni, kusini ya Pangani, wageni wakiwa wamelala bandani. Friji ndogo ilikuwa inanguruma kwenye betri ile ile ya kuwashia gari. Usiku nikasikia sauti za wanaume na tochi zinamulika vioo. Nikaruka kwenye usukani, nikageuza ufunguo. Tk, tk, tk. Stata, ile mota ya kuwashia injini, haina nguvu. Nilikaa pale nimeshika usukani kama mtoto anayecheza gari. Wale wanaume walikuwa wavuvi. Walikuja kuniambia bamvua, yale maji makubwa ya bahari, linapanda na magurudumu ya nyuma yameshaguswa na maji. Wakanisukuma mpaka penye nyasi, tukacheka, nikawapikia chai. Lakini mwalimu, sitaki wewe uitegemee bahati hiyo. Tena gari langu lilikuwa la gia za mkono, asubuhi tuliliwasha kwa kusukuma. Lako ni otomatiki. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, hata wakija wanaume kumi.

Hesabu yake ni hii. Feni ndogo ya wati 12 kwenye umeme wa volti 12 inakula ampea 1. Saa kumi za usiku ni ampea-saa 10. Hiyo si mbaya. Friji inakula kama ampea 4 ikiwa inafanya kazi. Ikifanya kazi nusu ya usiku, hizo ni 20 nyingine. Simu na taa, weka 3. Jumla 33. Betri yako huenda ni ya ampea-saa 60, na betri ya asidi hupaswi kuitoa zaidi ya nusu, yaani 30. Asubuhi stata inadai ampea zaidi ya 100 kwa mkupuo, na hazipo.

Kwa hiyo zile pesa za grili zinunulie betri ya pili, pamoja na relei ya kuitenganisha na betri ya kuwashia. Injini ikizunguka, alternata, ile jenereta ndogo ya injini, inachaji zote mbili. Ukizima, zinaachana, feni na friji zinakula ya pili tu. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, isiwe mwisho wa waya, kwa sababu waya ukichunika njiani ndio utakaochoma godoro. Kama pesa haitoshi, acha friji nyumbani. Samaki wa Pangani utawakuta wabichi kila siku. Nunua na kipima volti cha kuchomeka penye kiwashio cha sigara: betri iliyotulia ikisoma 12.6 imejaa, ikifika 12.2 zima kila kitu.

Upande wa hewa nitakuwa mkali. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na inajishika kwenye damu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anasinzia, haamki. Katika safari yako itakujaribu mara mbili. Mara ya kwanza ni huku pwani, kwa joto: utataka kulala injini ikiwaka ili upate AC. Usifanye hivyo, hasa kwenye Noah, kwa vile injini ipo chini ya kiti na raba ya ule mfuniko ikishakauka moshi unapanda ndani. (Hata kama hulali humo, ibadilishe hiyo raba.) Mara ya pili ni Lushoto. Kule ni kama mita 1,400 juu ya bahari na mwezi wa Juni baridi inauma. Utawaona watu wanaota moto, utasema niingize jiko la mkaa dakika tano tu. Mkaa uliokolea vizuri, usiotoa moshi hata kidogo, ndio unaodanganya zaidi. Beba blanketi mbili na chupa ya maji ya moto. Kipo pia king'ora kidogo cha kutambua gesi hiyo, cha betri; ukikipata kifunge usawa wa kichwa kitandani.

Mtungi wa gesi, pika nje. Ukimaliza funga kwenye mtungi wenyewe, usiishie kwenye swichi ya jiko. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, na wewe umelala huko huko chini. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo usiiwashe garini. Shona chandarua kama soksi, uvishe mlango mzima wa mbele kila upande, halafu shusha kioo vidole vitatu. Mkono wa mtu haupiti, hewa inapita. Fanya hivyo pande zote mbili ili upepo wa kusi uingie huku utoke kule. Mtungi wa kuzimia moto unao, trafiki wameshahakikisha hilo, lakini uutoe kwenye buti uufunge karibu na kichwa chako.

Haya, wapi pa kulala. Mahali penye uzio, mlinzi na choo: kambi za ufukweni njia ya Tanga kwenda Pangani, au ua wa gesti ambako unalipia kuegesha na kuoga. Gesti nyingi za mjini hazina tangazo la huduma hiyo, ila ukiuliza vizuri mtaelewana. Saadani lala kambi ya hifadhi tu. Ile ni hifadhi ya taifa iliyogusa bahari, ina simba na tembo, na usiku magari hayaruhusiwi kuzunguka, kwa hiyo ule mpango wangu wa kuondoka haupo kule. Unabaki ndani ya gari, na chakula usikiache nje. Ufukwe mtupu, hapana, iwe Bagamoyo iwe Ushongo. Ukiacha hatari ya watu, kuna maji yenyewe: bamvua huku kwetu hupanda zaidi ya mita 3, na Noah inayosukumwa na magurudumu mawili tu, kwenye mchanga laini ni jiwe. Kando ya barabara kuu ya Segera pia usilale. Kuvuka mto Pangani pale Bweni kupange mchana. Kila siku, saa 11 jioni uwe umeshafika unapolala, tangi lisipungue nusu.

Ukilazimika kulala kijijini, usijifiche. Najua wenzetu kwenye video wanafundisha kuegesha kimya kimya mtu asikuone, na kwenye miji yao mikubwa huenda inafaa. Kigombe au Tongoni haitakaa ifae. Utakuwa umeonwa na watoto kabla hujazima injini, na kufika jioni umejulikana na kijiji kizima ila si na kiongozi wake. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, piga hodi, toa shikamoo, onyesha kitambulisho, sema unalala usiku mmoja. Atakuonyesha mahali, mara nyingi karibu na nyumba yake. Kuanzia hapo wewe ni mgeni wa mtu. Halafu mtafute mama anayeuza vitumbua au chai, yule anayeamka alfajiri. Nunua, kaa, zungumza naye. Yeye anajua kila kijana anayezurura pale na mama yake ni nani.

Wengine watakuuliza, "Dada, uko na nani?" Bodaboda mwambie kaka yako yuko nyuma anakuja. Uongo huo sikukatazi. Mwenyekiti mwambie kweli.

Simu: ile huduma ya WhatsApp ya kuonyesha ulipo inadumu saa 8 kwa mara moja, basi. Ukiiwasha saa 2 usiku, saa 10 alfajiri imekatika na nduguyo anadhani umezima. Iwashe upya unapoingia kitandani. Muwekeane na saa ya salamu ya asubuhi, na mkubaliane mapema: salamu isipofika mpaka saa 2 asubuhi, nani anampigia nani. Mpe namba ya mwenyekiti au ya kambi, maana Saadani mtandao unakuja na kuondoka.

Mtu akigonga usiku, usifungue mlango na usiwashe taa ya ndani, utaonekana wewe na yeye usimwone. Kaa kwenye usukani kwanza, washa taa kubwa, ndipo uulize kwa sauti: nani mwenzangu? Akisema ni polisi, zungumza naye kupitia uwazi wa vidole vitatu, pitisha leseni hapo, na kwa adabu mwambie, "Afande, niko peke yangu, naomba nikufuate kituoni tuzungumzie huko." Ikifika kukaguliwa mwilini, sheria inataka mwanamke akaguliwe na mwanamke. Namba ya dharura ya polisi ni 112, zimamoto 114. Likikupata la kukupata, vituoni kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu ya PF3 uiombe mapema kwa ajili ya hospitali.

Kuweka panga chini ya godoro sikushauri. Kwenye nafasi ya Noah hutapata hata pa kulinyanyulia, atakayelishika wa pili ndiye litakayemfaa.

Limebaki moja, nalo waandishi wengi wa mambo haya ni wanaume hawalisemi. Kinachomtoa mwanamke garini usiku ni haja ndogo. Nunua ndoo ndogo yenye mfuniko wa kukaza, weka vumbi la mbao ndani. Kanga ya kujistiri unayo. Ukishakuwa na ndoo, huna sababu ya kufungua mlango mpaka kuche.

Ukifika Tanga usiondoke siku hiyo hiyo kama wale wa kwenye msemo wetu wa Tanga, "waja leo, waondoka leo". Pita Ngamiani, uulize gereji ya mama fundi, nikupimie chaji na niiangalie hiyo raba. Na yule fundi wa kuchomelea usimnyime kazi, mwambie akapime dirisha la jikoni kwako.