Maswali na majibu: Pesa ya NIL ikitumwa akaunti ya mama Eldoret, si bado ni kazi?

SWALI: Habari ya kazi wakili. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuo kimoja huko Marekani, Division I, lile daraja la juu la michezo ya vyuo, anakimbia cross country na mita 10,000, skolashipu kamili, viza ni F-1, ile ya wanafunzi. Kuna jamaa anajiita ajenti wa NIL, ile pesa mwanariadha wa chuo analipwa kwa kuuza jina na picha yake, amekuwa akimpigia simu. Anasema kampuni fulani ya vinywaji ya huko inataka binti awe anapost picha na video akiwa na kinywaji chao, watamlipa dola 1,500 kwa mwezi, ajenti anakata 25%. Nilipouliza mambo ya viza akaniambia Mahakama ya Juu ya Marekani ilisharuhusu wanariadha wa vyuo walipwe, na kwa usalama zaidi pesa iwe inatumwa kwa akaunti ya mama yake hapa Eldoret ndo isionekane amefanya kazi. Hii iko sawa? Mzazi, Iten.

JIBU: Hapana mzee, haiko sawa, na binti asisaini kitu. Kama ameshasaini soma mpaka mwisho kabla hujampigia huyo jamaa kumgombeza.

Hii hadithi ya akaunti ya mama naletewa kila mara, jina la kampuni linabadilika, siku nyingine ni viatu, siku nyingine ni ile poda ya kuchanganya na maji, lakini maneno ni yale yale, ati pesa ikiingia Kenya basi kazi imefanyika Kenya. Sijui nani aliwaanzishia hii kitu lakini nishachoka nayo. Uhamiaji wa Marekani hauangalii pesa imetua wapi. Unaangalia mwili wa mtoto ulikuwa wapi wakati anafanya hiyo kazi. Akiwa amesimama kwenye kampasi anajirekodi na chupa mkononi kwa sababu kuna mtu anamlipa, hiyo ni kazi imefanyika ndani ya Marekani, hata kama dola zimelipwa kwa M-Pesa ya shosho, hata kama zimelipwa kwa mbuzi. Akaunti ya mama haibadilishi chochote isipokuwa kitu kimoja, inaonyesha mlijua ni makosa mkaamua kuficha, na hapo mmehama kutoka kwa shida ndogo mkaingia kwa kubwa.

Na angalia vile huo ujanja wenyewe haufanyi kazi hata kwa vitendo. Kuanzia makubaliano ya kesi ya House, ile ya wanariadha wa vyuo kudai malipo, ambayo jaji Claudia Wilken aliyapitisha Juni 2025, wanariadha wa Division I wanatakiwa kuripoti dili za nje zinazofika dola 600 na kwenda juu, kuna mfumo unaitwa NIL Go wa kuzikagua. Binti yako na 1,500 kila mwezi yuko ndani ya hiyo sheria kabisa. Sasa achague, akiripoti, chuo kimeona mwanafunzi wa F-1 analipwa kutangaza vinywaji, asiporipoti amevunja sheria za michezo na anaweza kuzuiwa kukimbia. Huyo ajenti alikwambia hiyo sehemu? Alafu kampuni ya Marekani ikitaka kumlipa mama inatakiwa imuombe fomu ya kodi, mara nyingi W-8BEN, ambayo mtu anasaini chini ya kiapo kwamba yeye ndo mwenye hayo mapato. Kwa hiyo mama ambaye hajawahi kutoka Kenya anasaini uongo kwa serikali ya Marekani ili ajenti apate 25% yake.

Kuhusu hiyo Mahakama ya Juu, huwa nasikia hii na nataka kulala tu. Kesi yenyewe ni Alston, Juni 2021, majaji wote tisa walikubaliana, lakini ilihusu marupurupu ya kimasomo tu, vitu kama kompyuta na pesa za kuendelea na masomo, haikuhusu matangazo. Ruhusa ya kuuza jina na picha ilianzia kwa majimbo, California ndo walitangulia na sheria yao ya 2019, mengine yakafuata, mpaka NCAA wenyewe wakanyoosha mikono na kuanzia tarehe 1 Julai 2021 wakaacha kila mtu afanye dili. Sasa nioneshe hapo ni wapi mtu aligusa sheria ya uhamiaji. NCAA ni chama cha michezo ya vyuo, hakiwezi kumpa mtu kibali cha kazi sawa na vile Athletics Kenya hawawezi kukupa title deed. NCAA wakisema unaweza kulipwa wanamaanisha hawatakufungia kukimbia. Hawasemi serikali haitakufutia viza.

Na mimi si adui wa hii pesa, nataka hiyo ieleweke. Wanariadha walipwe. Mwaka 1978 Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 akiwa mwanafunzi wa Washington State, na Edward Cheserek akabeba mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, akamaliza 2017, kabla ya huu mlango kufunguliwa. Sai umefunguliwa na wale wanaoingia kwa urahisi ni wenye pasi ya Marekani. Mkenya anayeshinda mbio amesimama pale na medali na mwenzake aliyemaliza wa sita ndo ana dili ya viatu. Ni uonevu, na viza ya F-1 iliandikwa zamani bila mtu kuwaza mambo kama haya, na mpaka naandika hivi serikali haijatoa mwongozo wa kueleweka kuhusu NIL kwa wanafunzi wa kigeni. Lakini uonevu hautibiwi kwa kumtuma mtoto wa miaka ishirini akajaribu sheria kwa mgongo wake.

Sasa wale mabroka wajanja kidogo, sio huyu wako, wamejifunza neno lingine, wanaita mapato ya kukaa, yaani pesa inayoingia bila wewe kufanya kazi. Hili angalau lina kichwa na miguu. Kama chuo kinauza jezi na kuna mgao wa jumla kwa wachezaji wote, au kampuni inatumia picha aliyopigwa akiwa kwenye mashindano yake ya kawaida na yeye hafanyi kitu chochote, wanasheria wengi tunaona hiyo inafanana na mrabaha sio kazi, na wanafunzi wengi wa kigeni wamepitia huko. Lakini binti anaombwa nini hapa? Apost picha, arekodi video, kila mwezi, akiwa na chupa. Hakuna kukaa hapo. Hiyo ni kibarua. Na hata ule mrabaha wa kweli, mtu anayehesabiwa mgeni kwa kodi anakatwa 30% kabla haijamfikia, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kuipunguza, kwa hiyo ukimpa na ajenti robo yake hesabu mwenyewe kinachobaki.

Najua kuna mtu atauliza, mbona Oscar Tshiebwe alilipwa? Kweli. Mtoto wa Lubumbashi, akiwa Kentucky, mchezaji bora wa basketi ya vyuo 2022, alikuwa na F-1 kama binti yako. Timu ilipoenda Bahamas Agosti 2022 kucheza mechi za kirafiki, kazi zake za matangazo zikafanyiwa huko huko, nje ya Marekani. Umeona sasa, ni ile ile niliyosema hapo juu, mwili ulikuwa wapi. Na haikupangwa na mtu wa WhatsApp. Kwa hiyo kama kampuni inamtaka binti yako kweli kweli, wangoje aje nyumbani likizo ya Juni, wampige picha akipanda zile kona za Kaptarakwa, kazi iishie huku, posti zenyewe zitoke akiwa huku, na mkataba useme hivyo kwa maandishi. Hiyo inaweza kujadiliwa na wakili wa uhamiaji pamoja na chuo, tena kabla, sio baada. Mwambie ajenti hivyo uone kama atapiga simu tena.

Kitu ambacho wazazi hawakiwazi ni ukubwa wa hasara. Mnafikiria mbaya kabisa ni aambiwe arudishe pesa. Mwanafunzi wa F-1 akifanya kazi bila kibali chuo kinatakiwa kufunga rekodi yake kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na ile njia ya kuomba kurudishiwa hadhi ya mwanafunzi ambayo mtu aliyechelewa kujiandikisha masomo anaweza kuitumia, aliyefanya kazi bila kibali hairuhusiwi kwake. Imeandikwa hivyo kabisa kwenye kanuni. Alafu siku nyingine akiomba viza fomu inamuuliza kama amewahi kuvunja masharti ya viza. Akisema ndio, ana maelezo ya kutoa. Akisema hapana na wakajua ni uongo, huo uongo peke yake unaweza kumfungia mlango wa Marekani maisha yake yote. Na kujua sio ngumu, tangu Juni 2025 waombaji wa viza za wanafunzi wanaambiwa waache akaunti zao za mitandao wazi zikaguliwe, na hizo chupa ziko pale na tarehe zake.

Sasa nyinyi ni watu wa Iten siwafundishi riadha, lakini hebu fikiria, mkimbiaji wa 10,000 ambaye hawezi kuingia Marekani ni mkimbiaji wa aina gani? Boston hakuna, Chicago hakuna, New York hakuna. Olimpiki ya 2028 ni Los Angeles. Unauza hiyo yote kwa 1,500 toa 25%.

Na hizi dili zenyewe, mimi nadhani nyingi hazipo. Kwenye ile kesi ya House fidia ya nyuma ni kama dola bilioni 2.8, na fomula ya kuigawa inapeleka karibu 75% kwa football yao, 15% basketi ya wanaume, 5% basketi ya wanawake, na ile 5% iliyobaki ni michezo mingine yote mkusanye pamoja, riadha, kuogelea, tenisi, kila kitu. Vyuo vinavyogawia wanariadha wao mapato ya michezo, ambavyo viliruhusiwa mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025-26, vingi vinafuata sura hiyo hiyo. Wa cross country anaona makombo, hata akiwa Mmarekani. Wachache wa michezo midogo wanaopata pesa ya maana ni kama Livvy Dunne wa jimnastiki pale LSU, na yule alikuwa na wafuasi mamilioni, kampuni zilikuwa zinanunua wafuasi sio sarakasi. Binti yako ana wafuasi wangapi? Siulizi kwa ubaya.

Ndo maana nawaambia hii biashara sai haiko Marekani, iko huku kwetu. Mabroka wameingia mpaka shule za upili, Kapsabet, Iten, Eldoret, wanashika mtoto wa form three ana dakika nzuri wanamwambia mzazi skolashipu iko na NIL juu yake, toa laki tatu ya kufungua faili. Hakuna faili. Kocha wa Division I akimtaka mtoto wako anamtafuta mwenyewe, matokeo yote yako kwenye mtandao, na barua pepe yake inaisha na jina la chuo, sio gmail. Na kuna mwingine mbaya zaidi, yule anayesema usilipe sasa, nitakata asilimia ya skolashipu akishaipata. Wazazi wanampenda huyo kwa sababu haombi pesa mbele. Kwa sheria za NCAA mtu anayelipwa kwa kumuweka mwanafunzi kwenye chuo kwa msaada wa kifedha anahesabiwa ajenti, na mtoto anaweza kupoteza haki ya kukimbia kabla hajavaa jezi. Juzi tu, 2023, wazazi walikuwa barabarani Eldoret wanadai pesa za mpango wa kupeleka wanafunzi Finland na Canada, na ule ulikuwa na mkono wa serikali ya kaunti, sembuse mtu mwenye laini mbili na kadi ya biashara.

Wengine wanaweka kwenye kontrakti kwamba jina na picha za mtoto ni zao milele, na asilimia kwa kila dili atakayopata baadaye hata akishaacha chuo. Yaani akija kuwa bingwa wa dunia na meneja wake halali wa riadha, yule wa zamani bado anakuja na karatasi. Soma ukurasa wa mwisho, huwa wanaificha huko. Na muulize huyo wako amesajiliwa kama ajenti wa wanariadha katika jimbo gani, majimbo mengi yanadai usajili, jibu lake liwe na namba sio hadithi.

Cha kufanya: binti aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni, sio kwa kocha kwanza, kocha anajua splits hajui viza. Kama hajasaini aulize tu kwa jumla, hana cha kuogopa. Kama ameshasaini au ameshapost hata mara moja, aanze na wakili wa uhamiaji, kabla ya hiyo ofisi, kwa sababu wale wa chuo wana wajibu wa kuripoti na mimi sina. Asifute posti wala meseji yoyote kwa sababu ya woga, atunze zote wakili azione. Mama asipokee shilingi, na kama imeshaingia isiguswe. Ajenti akitishia kushtaki mwambie atume barua kupitia wakili wake mwenye jina na ofisi. Kama alishachukua deposit, hiyo sio kesi yangu, peleka DCI na risiti za M-Pesa.