Geuza picha uone mgongo wake kabla hujalipa

Usilipe hiyo fedha kesho. Umeuliza hapa kama picha ya maua iliyochapwa kwenye akriliki (plastiki ngumu, angavu kama kioo), sentimita 60 kwa 90, itaifaa sebule yako ya Bagamoyo, itundikwe ukuta upi na isafishwe kwa kitu gani, kisha ukataja kama jambo dogo kwamba muuzaji anataka malipo yote kabla hujaiona. Hapo ndipo nilipoumia mimi.

Mwaka juzi, hapa Tanga, nilimnunulia mama mchoro wa kisasa wa maua mekundu kwa shilingi 280,000, na muuzaji aliniapia kwamba rangi imo ndani ya akriliki yenyewe. Haikuwamo. Alikuwa ameuchapa mchoro kwenye stika ya kawaida, akaibandika kwa mkono nyuma ya bamba la milimita 3, akaufunika mgongo kwa ubao mweusi ili nisiuone. Masika ya kwanza hayakwisha kabla stika haijaanza kuachia, kwa sababu akriliki hutanuka kwa joto na hunyonya unyevu, stika haiufuati mwendo huo, na hewa yetu ya pwani ikapata njia ya kupenyea pembeni. Petali zikajaa viputo. Mama, ambaye hajawahi kulalamikia zawadi yangu yoyote, aliniuliza kwa upole kwa nini maua yake yameota malengelenge. Niliporudi dukani, yule bwana alinijibu kwamba kosa ni la bahari, na jibu hilo limenichoma kuliko fedha, maana anayeuza picha Tanga anawauzia watu wanaoishi kando ya bahari.

Kwa hiyo sharti langu ni moja: igeuzwe, uuone mgongo. Iliyochapwa moja kwa moja nyuma ya akriliki ina tabaka la wino mweupe lililoshikamana na bamba, na ukipitisha ukucha ukingoni hukuti ncha inayonyanyuka. Ya stika utaikuta. Ipo pia ya karatasi iliyobandikwa kwa mashine ya roli na gundi angavu, nayo hudumu ikiwa ukingo umezibwa vizuri. Akisema ubao wa nyuma haufunguki, ondoka na fedha yako, hata kama nauli imekwenda bure.

Kusafisha ni kwa kitambaa laini na maji, kamwe si kwa spiriti wala dawa ya vioo yenye amonia, kwani hutia akriliki nyufa ndogondogo. Ukifika dukani, piga picha ya ukingo na ya mgongo, uziweke hapa kabla hujatoa hata shilingi, nitazitazama.