Mkanda wa taimingi: nibadilishe mwenyewe?

Swali: Fundi, gari langu la dizeli la abiria saba limefikia muda wa kubadilishwa mkanda wa taimingi. Spana ninazo. Nijaribu nyumbani?

Jibu: Jaribu, ndugu yangu, ila usiharakishe. Chomoa betri kwanza. Krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemu (shafti inayofungua valvu), zinazounganishwa na mkanda huo, zifungie kwa pini zake zisizunguke; alama za rangi za kupangia mkanda pekee siziamini tena, maana ziliwahi kunikunjia valvu 4 zilizogonga pistoni. Iliniuma sana. Badilisha tenshona (kikaza mkanda) pia, na pampu ya maji kama inazungushwa na mkanda huohuo. Kisha toa pini, zungusha krenki kwa spana, mizunguko 2 kamili, kufuata mzunguko wa injini. Ikikwama au pini zikikataa kuingia tena, usiwashe gari: fungua, upange upya.