Historia ya Marekani: anzia hapa

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi maana matukio ni mengi na mtihani uko karibu. Mimi ningekuambia achana kwanza na 1776, mwaka wa kutangaza uhuru, hiyo kila mtu anaijua, kaa na miaka ya 1863 hadi 1877 ndo utaelewa mengine yote.

Watu wanadhani Rais Lincoln alifuta utumwa wote siku moja, hapana bana, tangazo lake la Januari 1863 liligusa tu majimbo ya kusini yaliyoasi kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, watumwa wa Kentucky na Delaware walibaki vilevile mpaka marekebisho ya 13 ya katiba, yaliyofuta utumwa nchi nzima, Desemba 1865. Halafu ya 14, mwaka 1868, ndo ikasema ukizaliwa pale we ni raia, na hadi leo wanavutana mahakamani juu ya hiyo hiyo.

Weusi wakapiga kura, wakaingia hadi bungeni, ila 1877 jeshi la serikali kuu likaacha kuzilinda serikali za kusini zilizotegemea kura zao na wazungu wa kule wakawanyang'anya haki taratibu. Kuja kurudishiwa kura kwa sheria yenye meno ni 1965! Karibu miaka 90, we fikiria. Kwenye insha yako anza na hilo pengo.