Anza na Gurajada Apparao

Uliyeuliza ni mtunzi gani wa tamthilia za Kitelugu (lugha ya kusini mwa India) aliyepigania jamii yake: anza na Gurajada Apparao (1862–1915) wa Vizianagaram, mji wa huko huko. Tamthilia yake Kanyasulkam ilichezwa jukwaani mwaka 1892, ikawaanika akina baba wa Kibrahmani (tabaka la juu la Wahindu) waliopokea fedha na kuwaoza mabinti wadogo kwa wazee. Mzee alipokufa, mtoto alibaki mjane, na desturi haikumruhusu kuolewa tena. Kuna mahali katika tamthilia hiyo mvulana anavalishwa kike na kuuzwa kama bibi harusi kwa Lubdhavadhanlu, mzee bahili kupindukia. Unacheka huku inakuuma! Tena aliandika kwa Kitelugu kinachosemwa na watu, wakati wasomi wengi wakikishikilia cha vitabuni. Ukilipata toleo la 1909, lichukue hilo, alilipanua sana.