Viendelezi vilivyokwisha kuwekwa navyo huzimwa
Ukiamua kuzuia viendelezi vya Chrome (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari hicho), je, lazima upite kompyuta moja moja ofisini kuviondoa vilivyokwisha kuwekwa? Hapana, huna haja. Ukiweka alama ya nyota (*) kwenye sera ya ExtensionInstallBlocklist (mpangilio wa msimamizi unaoorodhesha viendelezi vya kuzuiwa; nyota humaanisha vyote), Chrome haizuii vipya tu. Hata viendelezi ambavyo wafanyakazi walishaviweka huzimwa, na mtumiaji hawezi kuviwasha. Ila havifutwi. Siku ukilegeza sera vinajiwasha vyenyewe, na hapo ndipo watu hushtuka.

Unavyovikubali viorodheshe kwenye ExtensionInstallAllowlist kwa kitambulisho chao cha herufi 32, si kwa jina, maana jina huigwa kirahisi. Mimi huhakiki kwa kufungua chrome://policy, ukurasa wa Chrome unaoonyesha sera zinazotumika, kwenye mashine ya mtumiaji mwenyewe. Seva inaweza kudai imetuma sera na kule hakuna kitu.

Angalizo: kuruhusu si kugandisha toleo. Kiendelezi kitaendelea kujisasisha. Sasisho likidai ruhusa kubwa zaidi, kwa kawaida Chrome hukizima mpaka mtumiaji akubali, lakini vile ulivyovilazimisha kwa ExtensionInstallForcelist (sera inayoweka viendelezi bila kumuuliza mtumiaji) hupewa ruhusa kimyakimya. Hivyo orodha hiyo iwe fupi kadiri inavyowezekana.